Shangazi wa Ileje

Timu yetu ya mpira, Mbeya City, iliporudi Ligi Kuu mwaka 2025, ikiwa ya pili nyuma ya Mtibwa Sugar kwenye Championship, wazee wa mtaani kwetu Uyole walifufuka. Tangu Mashujaa ya Kigoma ituteremshe kwenye mchujo wa 2023 walikuwa wanatembea wakitazama chini kama watu waliodondosha sarafu. Sasa jezi za zambarau zikatoka masandukuni, nyingine hazivuki kitovu, na salamu asubuhi ikawa "Koma kumwanya!", ile kelele ya mashabiki wa timu, hata kabla ya shikamoo.

Ila ukiwauliza habari za kupanda kwa 2025 watakujibu sentensi moja tu, kisha watakurudisha 2013. Kwao kupanda ni kule. Timu ya Halmashauri ya Jiji, imeanzishwa 2011, haijui hata kutembea vizuri, kocha Juma Mwambusi. Daraja la Kwanza, kama Championship ilivyoitwa siku hizo, lilikuwa makundi matatu na kila kundi linapandisha mmoja: tukapanda sisi, Ashanti United ya Ilala na Rhino Rangers ya Tabora. Msimu uliofuata wenzetu hao wawili wakarudi walikotoka, sisi tukamaliza wa tatu nyuma ya Azam na Yanga. Mpe mzee wa Mbeya nafasi, hiyo "wa tatu" ataisema mpaka chai ipoe.

Bingwa wao wa kusimulia ni baba mdogo. Na yeye ndiye baba wa binti katika sendofu ninayotaka kuwaeleza.

Ilikuwa Julai, baridi ya Uyole ile inayomfanya mtu avae koti la suti juu ya sweta juu ya sweta. Maturubai yamefungwa uani, wageni wamejaa, wakwe wametoka Songea kwa basi zima, na umeme umekatika tangu saa kumi. Jenereta likawekwa nyuma kabisa, karibu na meza ya ukoo, yaani yetu. Spika zilikuwa mbele yetu zikiwaelekea wageni. Kwa hiyo sisi tulisikia jenereta, wao wakasikia sherehe. Kumbukeni mpangilio huo.

Kabla ya chakula MC alimwita baba mdogo atoe nasaha kwa binti. Akasimama, akashika maiki, akazungumza vizuri hadi mchungaji akawa anatikisa kichwa. "Binti yangu," akasema, "ndoa haijengwi kwa mali. Ndoa ni ukweli. Siku utakapomficha mumeo jambo, hata dogo, siku hiyo umeuza nyumba yako." Kina mama wakapiga vigelegele. Mama mdogo, ambaye ni mweka hazina wa kina mama kanisani na hapigi kigelegele ovyo, alifuta machozi kwa ncha ya kitenge.

Chakula kikaitwa. DJ akazima muziki akakimbilia foleni ya kuku, na MC naye akapotelea hukohuko. Itifaki ilimtaka baba mdogo akae meza kuu na wakwe, lakini meza kuu hakuna mtu wa kuzungumza naye mpira. Akatoroka, sahani mkono mmoja, maiki mkono wa pili, akaja kukaa kwetu. Maiki akailaza kati ya chupa ya soda na bakuli la kachumbari, kichwa chake kikitutazama.

Mezani tulikuwa mimi, Fundi wa pikipiki, na mzee mmoja tunayemwita Konda kwa sababu alikuwa kondakta. Konda ndiye alianza.

"Hawa vijana wa siku hizi wanashangilia kupanda. Sisi tulipanda kwa kuwapiga Burkina Faso."

Dogo aliyekuwa akigawa soda akacheka. "Mzee, Burkina Faso mwaka ule si walikuwa fainali ya AFCON na Nigeria?"

"Hao ni wa kina Pitroipa. Wetu walitoka Morogoro."

Dogo akadhani mzee ameanza kuchoka akili, lakini ni kweli tupu. Kundi letu lilikuwa na timu ya Morogoro iliyoitwa Burkina Faso. Tena lilikuwa na Small Kids ya Rukwa, watoto wadogo wenye ndevu. Na lilikuwa na Majimaji ya Songea, na hapo ndipo nilipofungua mdomo wangu.

"Baba mdogo," nikasema, "hebu simulia ile safari ya Songea."

Nilikuwa naijua. Wote pale mezani tulikuwa tunaijua, ndiyo raha yake. Akajifuta mafuta midomoni, akasogeza kiti, na kwa bahati akasogeza na chupa ya soda, maiki ikamkaribia zaidi.

"Mwezi ule ada za watoto hazijalipwa," akaanza. "Mama yenu hataki kusikia neno mpira. Nikajipima, nikaona hapa bila msiba sitoki. Basi Alhamisi jioni, baada ya kula, nikamuua shangazi."

Upande wa wageni palisikika mshtuko. Sisi tukadhani nyama imeisha.

"Yupi?" akauliza Fundi, ambaye jibu analijua kuliko mtu yeyote.

"Yule wa Ileje."

"Ukamuuaje?"

"Kwa simu! Si wewe ndiye uliyepiga? Ulipiga, nikasikiliza, nikakaa chini taratibu, nikashika kichwa. Nikasema, 'Mama, shangazi katutoka.'"

Konda alicheka hadi pilau ikampalia. Nikageuka kutazama wageni na kuona kina mama wa kanisa wameshika vijiko hewani, wengine wameziba midomo kwa leso, mabega yanatikisika. Nikafurahi moyoni. Sherehe imechangamka, nikajiambia, MC anajua kazi.

Ileje, kwa asiyejua, ni kule mpakani na Malawi, siku hizo ikiwa bado ndani ya mkoa wa Mbeya kabla Songwe haijawa mkoa. Songea ni upande mwingine kabisa: unashika Igawa, Makambako, unakata kwenda Njombe, unashuka. Mtu anayekwenda Ileje kwa kupitia Njombe anatakiwa aombewe.

"Mke wangu akalia," baba mdogo akaendelea. "Akalia kweli, mpaka mimi nikaanza kumhurumia marehemu. Akaingia ndani akatoka na rambirambi shilingi 30,000. Akatoa mchele. Akatoa kitenge kipya cha kumfunika. Akaenda bandani akakamata jogoo, jogoo mkubwa, akamfunga miguu akanipa. 'Wasije wakasema umekwenda mikono mitupu.'"

"Lile jogoo lilikuwa linatuokoa," akasema Konda kwa heshima.

"Coaster yenu mbovu ilipasua tairi Makambako, jogoo akauzwa, tairi likazibwa. Kitenge kilikuwa na rangi ya zambarau, tukakifunga kwenye fimbo kikawa bendera. Tumeingia Songea tunapepea sanda!"

"Na mchele?"

"Mchele aliubeba Fundi kwake."

"Tulikula wote!" Fundi akapinga.

Hapo wakaanza kubishana matokeo. Baba mdogo anasema tulishinda. Konda anasema sare, tena anakumbuka dakika. Fundi anasema matokeo hayana maana, cha maana ni jinsi tulivyogonga pasi. Nimeisikia safari ile mara nyingi na hawajawahi kukubaliana hata mara moja, na sidhani kama wanataka kukubaliana.

Nikiwa nacheka nikamwona MC. Amesimama mbali, karibu na masufuria, paja la kuku mkononi, anatutazama sisi na kupitisha kiganja kooni: kata, kata, kata! Nikamgusa baba mdogo. "MC naye ni wa Mbeya City. Anasema msimu ujao tunachinja." Baba mdogo akasimama nusu, akainua ngumi, akajigonga utosini kama shabiki kamili, akaunguruma: "Koma kumwanyaaa!" Na sisi tukaitikia. Spika zikapasua anga la Uyole. MC akashika kichwa kwa mikono yote miwili, pamoja na kuku.

Laiti Fundi angenyamaza. Ila Fundi anapenda mambo yaishe.

"Na lile kaburi?" akauliza.

"Aah, kaburi!" Baba mdogo akaegemea kiti. "Mwaka uleule, tumeshapanda, ligi imeanza, mama yenu akasema hawezi kulala wakati shangazi hajajengewa. Akachanga kwenye vikoba vyake, akanikabidhi hela ya saruji, mifuko kumi. Nikaenda kujenga."

"Ukajenga wapi?"

"Chamazi! Azam tatu, Mbeya City tatu!"

Mimi binafsi naona kwa sare ya 3-3 na timu iliyokuja kuchukua ubingwa bila kupoteza mchezo, mifuko kumi ya saruji si ghali. Lakini sikuwa nimechanga.

Ndipo nikaona kina mama wanapishana viti kumpa mtu njia. Mama mdogo alikuwa anakuja. Hakukimbia, hakukunja uso. Alipita katikati ya meza akisalimia watu, akafika kwetu, akanyoosha mkono kati ya soda na kachumbari, akaichukua maiki. Sote tukaona kitaa cha kijani kinawaka. Fundi alijaribu kuingia chini ya meza na kukuta Konda ameshawahi.

Mama mdogo akageukia wageni.

"Bwana asifiwe."

"Amina!" Mchungaji aliitikia kwa sauti kuliko wote. Nadhani alikuwa anajaribu kulainisha jambo. Sisi Wamoravian alfajiri ya Pasaka tunafanya ibada makaburini, na miaka yote hiyo mama mdogo amekuwa akimtaja shangazi wa Ileje pale mbele yake, na mchungaji akimwombea pumziko la amani.

"Wapendwa wageni, ndugu zetu wa Songea," akasema mama mdogo, sauti imetulia. "Kabla hatujaendelea, naomba tusimame dakika moja tumkumbuke shangazi wa mume wangu. Alifariki mwaka 2013. Na leo nimepata taarifa kwamba hakuwahi kuzaliwa."

Watu wakasimama. Ungefanya nini? Bibi harusi mtarajiwa na gauni lake, wakwe, wapishi na miko yao. DJ, aliyesikia neno "alifariki" tu, alikimbia na kuku mdomoni akaweka wimbo wa maombolezo. Baba mdogo alisimama mikono nyuma, macho chini, koti la suti juu ya masweta, na jasho linamtiririka katika baridi ya Julai. Ilikuwa dakika ndefu. Katikati yake mtu mmoja alishindwa kujizuia akapiga chafya ya kicheko, na mchungaji akajifanya anakohoa ili kumsaidia, naye akanasa hapohapo.

Kabla hatujakaa, mzee wa upande wa bwana harusi aliomba maiki. Tukajua sasa mambo yameharibika, wakwe watarudi kwao na basi lao.

"Mama," akasema, "naomba nimtetee mkwe wangu kwa jambo moja. Hakwenda kwingine. Mimi nilikuwa uwanja wa Majimaji siku ile na kitenge nilikiona. Tulijiuliza sana kwa nini hawa watu wa Mbeya bendera yao ina maua."

Uani palilipuka. Konda akachomoza kichwa kutoka chini ya meza. "Mzee, tusaidie! Matokeo yalikuwaje?"

Mzee akatafakari, akamtazama mwanawe, akamtazama binti yetu.

"Matokeo nitayasema baada ya harusi."

Ilipofika zamu ya zawadi, kina mama wa kanisa waliingia wakicheza, mbele wametanguliza beseni jipya, nasi tukapisha njia ya kwenda kwa bibi harusi. Wakampita. Wakaja moja kwa moja hadi kwa baba mdogo, wakamzunguka wanaimba na kulitikisa beseni chini ya kidevu chake, huku MC, aliyekwisha kumaliza kuku wake na kupona, akisoma kwa sauti kama wa mnadani: "Rambirambi, 30,000! Mchele! Kitenge! Saruji mifuko kumi, kwa bei ya leo!" Baba mdogo alitoa pochi ikaisha. Akakopa kwangu. Fundi alidaiwa mchele papo hapo mbele ya wakwe, akalipa bila kubishana kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Beseni lote akakabidhiwa binti, kwa hiyo kwa namna fulani marehemu ndiye aliyetoa zawadi kubwa kuliko wote.

Likabaki deni la jogoo. Jumatatu baba mdogo aliamkia sokoni Uyole, akarudi na jogoo mwekundu, akamweka miguuni pa mama mdogo kwa unyenyekevu wote. Mama mdogo akaacha kuchambua mchicha, akamwinua kwa mbawa, akampima kwa mkono.

"Yule alikuwa mkubwa zaidi," akasema. "Halafu kwa miaka kumi na miwili angekuwa na wajukuu."

Baba mdogo akachukua kofia yake, akarudi sokoni.