Nilikuja Kuchambua, Nikaulizwa Kama Naogopa

Wiki iliyopita nilikaa saa mbili mbele ya kompyuta ya maktaba nikishiriki mjadala kwa njia ya video kati ya wanafunzi wa uhusiano wa kimataifa wa hapa Nairobi na wenzao wa chuo kikuu kimoja cha Ulaya, na hasira niliyotoka nayo bado haijapoa. Mada ilikuwa usalama wa kimataifa machoni pa vijana. Nilikuwa nimeandika kurasa nane kuhusu polisi wa Kenya waliopelekwa Haiti, nikazisoma kwa sauti usiku kucha hadi mwenzangu wa chumbani akatishia kuhama. Kikao kilipofunguliwa, mwenyekiti, mtu mpole kupita kiasi, alieleza utaratibu: kwanza Nairobi isimulie hali ilivyo, kisha Ulaya ichambue. Zamu yangu ilipofika, kabla sijafungua ukurasa wa kwanza, nikaulizwa kama huwa naogopa kwenda katika maduka makubwa.

Nilijibu kwamba huwa naogopa bei. Hakuna aliyecheka, na nashuku jibu lenyewe liliandikwa mahali kama ushahidi.

Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti, nami sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na huu mtindo wa kumhoji maiti kuhusu ubaridi wa udongo, halafu mtu mwingine akapewa kazi ya kueleza kaburi ni nini. Ni kweli kwamba tumeyaona mashambulizi ya kigaidi. Tarehe 7 Agosti 1998 watu 213 waliuawa katika mji huu kwa bomu lililolenga ubalozi wa Marekani. Septemba 2013 wakauawa 67 katika duka kubwa la Westgate, hapa hapa Nairobi. Aprili 2015 wakauawa 148 katika chuo kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi kama sisi. Ndiyo maana mpaka leo tunafungua mikoba mlangoni mwa kila duka la maana, mbele ya mlinzi ambaye akishachoka huichungulia bila kuitazama. Lakini aliyeyaishi mambo haya pia ameyafikiria, na pengine ameyafikiria kwa muda mrefu kuliko aliyeyasoma muhula mmoja.

Chukua suala hilo la Haiti ambalo sikupata nafasi ya kulieleza. Oktoba 2023 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio nambari 2699 na kuidhinisha kikosi cha kupambana na magenge ya Haiti, ambacho Kenya ilikuwa imejitolea kukiongoza, tukiahidi polisi 1,000. Januari 2024 Mahakama Kuu ikakataa: Baraza la Usalama wa Taifa linaweza kupeleka wanajeshi nje ya nchi, si polisi, na polisi hawawezi kupelekwa katika nchi ambayo haina makubaliano na Kenya ya kupelekeana polisi. Serikali ikayatafuta makubaliano. Waziri Mkuu wa Haiti, Ariel Henry, akaja Nairobi, yakatiwa saini tarehe 1 Machi, akawahutubia wanafunzi wa chuo kikuu kimoja cha hapa, kisha akashindwa kurudi kwao kwa sababu magenge yalikuwa yameiteka sehemu kubwa ya mji mkuu. Akaishia Puerto Rico, na haukupita muda akatangaza kwamba atajiuzulu. Je, makubaliano yaliyofikiwa na kiongozi asiyeweza hata kutua katika mji wake mkuu yana uzito gani? Hilo lilikuwa swali la ukurasa wangu wa tatu.

Ukurasa wa sita ndio uliokuwa na moto. Kundi la kwanza la polisi wetu lilitua Port-au-Prince tarehe 25 Juni 2024, na msomaji wa Nairobi hahitaji kukumbushwa polisi waliobaki nyumbani walikuwa wakiwafanyia nini waandamanaji siku hiyo nje ya Bunge. Nilikuwa mjini, leso yenye maji usoni, viatu mkononi. Jioni simu yangu ikaniletea picha mbili zikifuatana: maafisa wetu wakishuka kwenye ndege ili kuwalinda raia wa Haiti, na kijana wa rika langu amelala kwenye lami akiwa amefunikwa bendera. Sikuhitaji nadharia ya mtu yeyote ili kuuliza usalama huu tunaousafirisha ni wa nani, tumeupata wapi wa kutosha hadi tugawe, na dola inapotumwa na mataifa makubwa kufanya kazi wasiyotaka kuifanya wao wenyewe, je, hupata heshima au hupata ruhusa ya kutoulizwa maswali ya nyumbani. Nilikuwa na jibu, na lilikuwa na hoja za pande zote mbili, maana siamini kwamba Wahaiti wangeachwa mikononi mwa magenge ili sisi tubaki na dhamiri safi. Dakika zangu zikaishia kwenye maduka.

Lakini nisiwaonee Wazungu. Sisi wenyewe tumejifunza kuiuza huzuni kwa sababu ndiyo inayonunuliwa. Fomu nyingi za ufadhili wa masomo nilizojaza zina lile swali la kueleza jinsi migogoro ilivyoathiri maisha yako, na hakuna hata moja iliyowahi kuniuliza ninaonaje migogoro hiyo imalizwe. Mwenzangu mmoja, aliyezaliwa na kulelewa Nyeri na ambaye hajawahi kuvuka mto Tana kuelekea kaskazini, aliandika maneno 500 ya kuliza kuhusu Garissa. Alipata ufadhili. Nilimpongeza, na nikamwonea wivu, na mpaka leo sijui ni lipi kati ya hayo mawili linalonitia aibu zaidi. Afisi pekee ambayo sasa inaonekana kuyasoma maoni yetu kwa makini ni ya viza: tangu Juni 2025, anayeomba viza ya masomo ya Marekani hutakiwa kuziacha wazi akaunti zake za mitandao ya kijamii ili zikaguliwe.

Kinachoniudhi hasa ni kwamba amani ya eneo hili imejadiliwa mlangoni mwetu. Mazungumzo ya Wasomali yalichukua miaka miwili, mengi yake Mbagathi, na Oktoba 2004 wabunge wao wakamchagua Abdullahi Yusuf kuwa rais hapa hapa Kasarani. Mkataba uliomaliza vita vya Sudan Kusini na Kaskazini ulisukwa Machakos na Naivasha chini ya Jenerali Lazaro Sumbeiywo, ukatiwa saini Nairobi tarehe 9 Januari 2005. Wako wapishi, madereva na makarani katika mji huu waliowaona wapatanishi wakigombana saa saba za usiku. Nimemaliza miaka mitatu ya shahada bila kutumwa hata mara moja kwenda kumhoji mmoja wao, lakini mkataba wa Westphalia wa 1648, uliomaliza vita vya Wazungu huko Ulaya, nimeutungia insha mara mbili.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba kwenda nje kuna maana. Mwenye kutaka kuichunguza Hali ya Hatari ya 1952 atalazimika kwenda kwenye hifadhi ya nyaraka za taifa la Uingereza huko Kew, London, kwa sababu Waingereza walipoondoka walibeba sehemu ya majalada, na kuwepo kwake kukakiriwa mwaka 2011 tu, wazee wa Mau Mau walipokwenda mahakamani. Kwa hiyo Mkenya huomba viza, na kuilipia, ili akasome jinsi babu yake alivyofungwa. Nami nitaomba. Naitaka maktaba ile, na sitajifanya kwamba siitaki.

Kikao cha pili ni Alhamisi ijayo. Nilimwandikia mwenyekiti nikiomba, kwa adabu zote, kuwasilisha kurasa zangu katika sehemu ya uchambuzi. Jibu lilifika jana: nimepewa dakika tano, ila angependa nianze kwa kueleza nilikuwa wapi siku ya Westgate. Ilikuwa Jumamosi, nilikuwa darasa la nne, na nilikuwa nikifua sare ya shule. Hiyo itachukua sekunde kumi, kisha nitafungua ukurasa wa tatu.