Ugomvi wa Kasumulu, hofu ya Mtwara

Machi 2025 Malawi ilipiga marufuku unga wa mahindi, mchele, tangawizi na ndizi kutoka nje. Mkulima wa Kyela, ambaye soko lake la karibu liko ng'ambo ya mto Songwe, akabaki anaitazama mikungu yake. Aprili, aliyekuwa Waziri wa Kilimo, Hussein Bashe, akajibu mapigo: mazao ya Malawi yasiingie nchini, na ya Afrika Kusini pia, kwa kuwa wao ndizi zetu wamezikataa kwa miaka. Hazikupita siku nyingi, pande zote zikaitana mezani, zuio letu likaondolewa na habari ikaisha magazetini.

Kijiweni kwetu Chikongola, hapa Mtwara, haikuchukua hata kikombe kimoja cha kahawa. "Ndizi za Kyela na sisi wapi na wapi?" aliuliza mzee mmoja, kisha mazungumzo yakarudi kwenye bei ya korosho. Sikumbishia siku ile. Lakini kadiri ninavyolifikiria jambo lile, ndivyo ninavyoona kwamba kwa Mtwara lilikuwa zito kuliko lilivyokuwa hata kwa Kyela yenyewe.

Bandari ya Mtwara ina kina cha asili ambacho bandari nyingi za mwambao huu zinakitamani, na sasa ina gati jipya la mita 300. Kwa miaka mingi ilikuwa inaamka msimu wa korosho na kulala ukiisha. Siku hizi kuna makaa ya mawe kutoka Ruvuma, kuna saruji, afadhali. Lakini ndoto kubwa ni Ukanda wa Maendeleo wa Mtwara, ambao Tanzania, Malawi, Zambia na Msumbiji zilitia saini mwaka 2004: mzigo ushuke meli Mtwara, upite Masasi, Tunduru na Songea hadi Mbamba Bay, uvuke Ziwa Nyasa, uingie Malawi. Lami ipo. Bandari ya Mbamba Bay inajengwa. Kinachotakiwa ni mteja, na mteja wa kwanza katika hesabu hiyo ni Malawi.

Sasa huyo mteja ana njia nyingine. Reli inamfikisha Nacala na malori yanamfikisha Beira, kote Msumbiji. Mtu mwenye duka la pili mtaani kwake hana haja ya kugombana na muuza duka wa kwanza, anahamisha miguu tu. Kila tunapofungiana mpaka pale Kasumulu, mwagizaji wa Blantyre anakumbushwa kwamba njia ya Tanzania inaweza kukatika wiki yoyote.

Nisiwaonee Wamalawi. Nchi yao ina uhaba mkali wa fedha za kigeni, na kila gunia la mchele linaloingia linalipiwa kwa dola ambazo zingenunua mafuta au mbolea. Itifaki ya Biashara ya SADC yenyewe, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika ambayo sote tumo, iliyosainiwa mwaka 1996, inaruhusu nchi kulinda viwanda vichanga kwa muda. Na sisi ni watakatifu wa wapi? Korosho ghafi ikitoka hapa inatozwa ushuru wa asilimia 15 au dola 160 kwa tani, kile kilicho kikubwa, ili kuwe na faida ya kubangua nyumbani. Huo ni ulinzi uleule, umevaa nguo nyingine.

Anayesema mipaka iwe wazi siku zote aangalie yaliyotokea ng'ambo ya Ruvuma miaka ya 1990. Msumbiji ilibanwa na Benki ya Dunia ipunguze kodi ya kuuza nje korosho ghafi. Ikapunguza, korosho ikapakiwa kwenda India, viwanda vikafungwa na maelfu ya wafanyakazi, wengi wao wanawake, wakarudi nyumbani. Mwishoni mwa muongo huo ikabidi kodi ipandishwe tena. Na hatuhitaji hata kuvuka mto kuona mfano. Vile viwanda vya kubangua vilivyojengwa miaka ya 1970 huku kwetu Mtwara na Lindi, vingapi viliishia kuwa maghala?

Kwa hiyo kulinda si dhambi. Ninachokigombea mimi ni namna ya kufunga mlango, na hapo historia yetu ina mifano miwili iliyo mbali kabisa. Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inakata roho, Tanzania ilifunga mpaka na Kenya. Ulikuja kufunguliwa Novemba 1983, na makubaliano ya kugawana mali yakasainiwa mwaka uliofuata. Miaka zaidi ya sita kwa ugomvi ulioanzia juu, na waliokuwa chini wakaulipia. Lakini tulipojitoa COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, tulitoa notisi ya mwaka mzima kama mkataba ulivyotaka, tukatoka Septemba 2000. Unaweza kusema tulikosea kutoka, na wapo wachumi wanaosema hivyo hadi leo, ila mwenye mzigo njiani alipata muda wa kuufikisha.

SADC ilikuwa na mahakama yake Windhoek, ikasimamishwa mwaka 2010 baada ya hukumu zake kuiudhi Zimbabwe. Leo mfanyabiashara aliyezuiwa mpakani hana pa kushtaki kwa jina la SADC, anasubiri mawaziri wapigiane simu. Nakiri kwamba mwaka 2025 simu zilifanya kazi haraka kuliko mahakama yoyote ninayoifahamu. Lakini simu inategemea walioko madarakani wanaelewanaje, na mwenye lori la ndizi hawezi kuitumia kama dhamana benki.

Kusini yetu wenyewe hali ni tofauti kidogo. Wazo la daraja juu ya Ruvuma lilikuwapo tangu enzi za Nyerere na Samora Machel, na Daraja la Umoja pale Mtambaswala likafunguliwa Mei 2010. Lami ya upande wetu inafika, ila kutoka Negomano kwenda Mueda iliendelea kuwa barabara ya udongo kwa miaka mingi. Kule Kilambo watu wanasubiri maji yajae ndipo wavuke kwenda Namoto. Muuza sabuni wa huku na mwenye samaki wakavu wa kule wanasalimiana Kimakonde, wanabadilishana shilingi na metikali kwa hesabu ya kichwa, na wakati mwingine deni linasubiri harusi ya ndugu ndipo lilipwe. Hakuna mkataba wa Gaborone, makao makuu ya SADC, uliowafundisha hayo.

Mwenzao wa Namanga, mpakani na Kenya, kwa mzigo usiozidi dola 2,000, anapata cheti chepesi cha uasili wa bidhaa kwa kuwa Kenya imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Msumbiji haimo, kwa hiyo cheti hicho Mtambaswala hakimsaidii mtu. Basi mtu ataniuliza: kama mkataba haujamfikia mama wa Kilambo, ukivunjika anapoteza nini?

Swali hilo lina uzito, na jibu langu ni hili. Mkataba ukifa, mtumbwi utaendelea kuvuka. Kitakachokufa ni lori, na lori ndilo linaloleta ushindani wa bei. Oktoba 2020 wanamgambo walivuka kutoka Msumbiji wakashambulia kijiji cha Kitaya, ulinzi ukaimarishwa, na hakuna mwenye akili timamu aliyelaumu. Lakini kila mlango halali unapobanwa, kwa sababu nzuri au mbaya, wa kwanza kunufaika ni mtu wa kangomba, mnunuzi wa korosho wa magendo. Anakuja na bakuli lake na fedha taslimu, anapima korosho anavyotaka yeye, na mwenye shida ya ada ya shule hambishii. Msimu wa 2024 mnada ulipita shilingi 4,000 kwa kilo. Aliyeuza gizani hakuuona mnada.

Ningependa ibara moja tu iongezwe katika mikataba kati yetu na majirani: anayetaka kuzuia bidhaa atoe notisi ya siku 90, na mzigo uliokwisha kuondoka uachwe ufike. Serikali zitasema hiyo ni kujifunga mikono, na kuna wakati, kama kwenye ugonjwa wa mimea, watakuwa na haki. Ugonjwa uwekewe kifungu chake. Uhaba wa dola hauanzi usiku mmoja.

Wabunge wetu wa kusini huwa wanauliza Mbamba Bay itakamilika lini. Mimi ningeomba mmoja wao aulize pia Malawi imesaini kupitisha tani ngapi, kwa miaka mingapi, na ikibadili mawazo inatupa notisi ya muda gani.