Baiskeli ya maonyesho nayo ipandwe

Fundi wa baiskeli za maonyesho anayeshinda na tupa mkononi, akikwangua soketi ya fremu, kile kipande cha chuma kinachounganisha mabomba, mpaka ncha zake zichongoke kama jani, hajakosea lolote. Hetchins, watengenezaji wa baiskeli wa London, ilipata jina kwa soketi za nakshi namna hiyo, na watu walishindania mbio juu ya baiskeli zake. Tena chuma cha soketi kikipunguzwa unene pale kinapoishia, mkazo hautui ghafla sehemu moja ya bomba.

Ugomvi wangu ni na urembo unaompa mpandaji kazi. Siku hizi nyaya na mipira ya breki hupitishwa ndani ya usukani hadi kwenye shingo ya fremu. Jukwaani inavutia, hakuna hata uzi unaoonekana. Sasa subiri beringi ya shingo ianze kukwaruza: itabidi ufungue mpira wa breki, umwage mafuta, uyarudishe, utoe hewa. Yote hayo kwa ajili ya beringi moja!

Wafaransa walikuwa na dawa yake. Miaka ya 1930 na 1940 waliandaa mashindano ya mafundi: baiskeli inapimwa uzito, inaendeshwa kwenye barabara mbovu, kisha inakaguliwa. Kilicholegea au kuvunjika kinakatwa alama. Fundi mmoja wao, René Herse, alipeleka baiskeli ya chini ya kilo 8, ikiwa na madigadi, taa na karia. Sheria ya leo ya mbio za barabarani inadai kilo 6.8 angalau, na baiskeli hizo za mbio hazibebi hata kengele. Na cha kuchekesha, zile baiskeli za kazi za Wafaransa ndizo wakusanyaji wanazogombea leo kwa uzuri wake.

Najua karakana ya mtu mmoja inahitaji kuonekana, na picha ya baiskeli ya kawaida haisambai. North American Handmade Bicycle Show, maonyesho ya Marekani ya baiskeli za kutengenezwa kwa mkono, iliyoanzia Houston mwaka 2005, iliwapa mafundi wengi wadogo wateja ambao wasingewapata kwingine. Sitaki maonyesho yafe.

Nataka tu mpango wa Wafaransa urudi, kama ulivyofufuliwa katika mji wa Ambert, Ufaransa, mwaka 2016. Kabla ya tuzo, kila baiskeli ipelekwe kwenye njia ya mawe, mvua ikinyesha ni heri zaidi, na waamuzi waikague kabla haijaoshwa.