Mzee anapopaliwa na chai: tuwapime wote?

Mzee anayepaliwa na chai kila asubuhi huambiwa pole, akapigwapigwa mgongoni, na mambo yakaishia hapo. Wanaotaka kila mwenye umri mkubwa apimwe jinsi anavyomeza, hata kama hajalalamika, wana hoja nzito: misuli ya koo hudhoofika kwa umri, na zaidi baada ya kiharusi au kwa ugonjwa wa Parkinson, ule wa neva unaotetemesha mwili, na wako ambao chakula huwaingia mapafuni bila hata kukohoa, mpaka nimonia ijitokeze. Wengi hawasemi. Huacha nyama, kisha ugali, na nyumba nzima ikadhani ni hamu tu imepungua.

Kipimo chenyewe si ghali. Dodoso la EAT-10, lililochapishwa Marekani mwaka 2008, lina maswali 10 ya alama 0 hadi 4, na jumla ya 3 au zaidi humtaka mtu achunguzwe. Swali mojawapo ni kama shida ya kumeza humzuia kwenda kula nje. Bibi wa kijijini ni afadhali aulizwe kama bado anakula pilau ya harusi mbele za watu. Kipimo kingine ni mililita 90 za maji, ambazo mzee aliyeketi wima huzinywa mfululizo, huku mpimaji akisikiliza kikohozi na sauti iliyolowa, kama yenye maji kooni.

Ugumu uko katika kinachofuata. Si kila anayekohoa ana hatari kubwa, na uchunguzi wa kuthibitisha, wa eksirei ya video au kamera ya puani, unahitaji vifaa na mtaalamu. Vikikosekana, mkato ni kuzidisha uzito wa vinywaji vyote. Hilo hupunguza kupaliwa, lakini ushahidi kwamba huzuia nimonia ni hafifu, na mzee aliyezoea kahawa chungu, akiletewa iliyokorogwa ikawa kama uji, hukisogeza kikombe pembeni na kushinda na kiu.

Kwa aliyepata kiharusi sioni mjadala: apimwe kabla ya tonge la kwanza, na kabla ya kidonge pia. Kwa mzee mzima wa afya, ningeridhika na maswali machache siku anapokuja kupimwa presha, mradi muuguzi awe tayari kuangalia meno yake, dawa zinazomkausha mate, na kama analishwa akiwa amelala.