Suruali Imekataa, Sukari Imepanda

Daktari amenipima sukari ya damu asubuhi kabla sijatia kitu kinywani, mashine ikasoma 6.4. Ikifika 7, anasema, tutaanza mazungumzo mengine. Akanipa karatasi: punguza sukari, punguza mwili, kula samaki, mboga na nafaka isiyokobolewa. Pesa ya hayo yote karatasi haikuitaja.

Mimi ni fundi cherehani hapa Kibuye, Kisumu. Kazi yangu ni kukaa. Wakubwa wananiletea suruali niwapanulie kiuno. Yangu nimeipanua mpaka kitambaa cha ndani kimeisha.

Haya, tuanze na unga. Marehemu nyanya alikula ugali wa mtama na wimbi kwa sababu hakuwa na hela ya unga mweupe, na sisi wajukuu tukamwonea huruma. Sasa ugali uleule umetiwa kwenye pakiti yenye picha ya familia inacheka, na bei imeruka. Kukoboa ni kazi, kunataka mashine na stima. Inakuwaje kile ambacho hakijakobolewa ndicho ghali? Nani alipiga hii hesabu?

Samaki je? Watu wa Nairobi wanadhani sisi wa Kisumu tunachota ngege ziwani kwa beseni. Minofu ya mbuta, yaani sangara, inapanda ndege kwenda Ulaya, halafu mtaani Obunga wanatukaangia mgongo wazi. Mgongo wa samaki, mifupa, na kichwa kinachokutazama! Omena, dagaa wetu, ndiyo bado inanijua. Lakini mke wangu anaikaanga mpaka inaogelea kwenye mafuta, nikilalamika ananiuliza, "Baba Akinyi, unataka inuke shombo nyumba nzima?"

Mboga sina ugomvi nazo. Osuga, yaani mnavu, ni chungu na ni bei ya chini, kwa hiyo naamini ni dawa.

Shida ni chai. Kibandani chai hupikwa na sukari yake ndani ya sufuria, hakuna kuulizwa. Nilipoomba isiyo na sukari, mama akasimamisha mwiko hewani. "Nikuwashie jiko lako peke yako?" Akanipa strungi, chai isiyo na maziwa, na mandazi mawili ya kunifariji. Soda nimeacha, maana chupa ya 300 ml ina vijiko vya chai kama vinane vya sukari, na wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wanasema ni bora mtu mzima akae chini ya sita kwa siku. Wataalamu hao hawajawahi kuoa Muhoroni.

Mimi nimeoa Muhoroni. Huko miwa inaanzia mlangoni, na mkwe akikukoroga chai kijiko kinasimama. Jumapili nilisema nimeacha sukari. Mama mkwe akamvuta mke wangu kando ya jikoni, nikasikia kila neno: "Mwanangu, huyu mume wako amefutwa kazi?" Wakati wa kuondoka shemeji akafunga miwa mitatu nyuma ya bodaboda, mirefu kuliko pikipiki yenyewe, akasema, "Hii si sukari, shemeji. Hii ni shamba."