Mkanda wa picha Mwanza: tuufufue, au tuuokoe uliopo?

Kijana mmoja mpiga picha wa Nyegezi ametangaza kwamba mwaka huu atapiga harusi kwa kamera ya mkanda, kama zamani. Wakongwe wa kazi hiyo wamemjia juu: wenzako wanarusha droni juu ya daraja la Kigongo–Busisi, wewe unarudi kwenye chumba cha giza? Yeye anajibu kwamba mkanda unarudi duniani kote, na kwamba picha za simu hazidumu. Nimewasikiliza wote kwa makini. Wanabishania mikanda ambayo bado haijapigwa, na mimi roho yangu iko kwa ile iliyokwisha kupigwa.

Hoja ya wakongwe inagusa mfuko. Mkanda mmoja una picha 36. Harusi ya hapa, kuanzia saluni hadi zawadi za mwisho ukumbini, inataka mamia, na mwenye shughuli anataka kuziona WhatsApp kabla hajafika nyumbani. Tena tusisahau mkanda ulivyowaacha wengi nje. Bibi yangu mzaa mama aliishi Ukerewe zaidi ya miaka sabini, na picha yake tuliyonayo ni moja tu, pasipoti saizi, jicho moja limefumba. Leo mwanamke wa umri wake anapigwa picha na wajukuu akichambua dagaa, akicheka, akisinzia. Hilo ni jambo jema sana, na limeletwa na simu.

Halafu kuna maji. Mkanda wa rangi nyeusi na nyeupe kwa kawaida husafishwa kwa dawa yenye nyuzi joto 20, na hapa tangi lililoshinda juani halikupi maji hayo. Kijana wetu hutia barafu kwenye ndoo bafuni. Mkanda wa rangi unasumbua zaidi: nyuzi 38 zisizopanda wala kushuka, dakika 3 na sekunde 15. Tena dawa ya kukazia picha, ikishatumika, hubeba madini ya fedha yaliyotoka kwenye mkanda, nayo hudhuru viumbe vya majini. Mitaro yetu inaelekea ziwani, tunakovua sato na tunakochota maji ya kunywa. Anayetaka kufufua kazi hii aeleze kwanza ndoo yake ataimwaga wapi.

Kijana naye hakosei kwamba mkanda haujafa. Mwaka 1975 mhandisi wa Kodak, kampuni ya Marekani ya mikanda na kamera, Steven Sasson, alitengeneza kamera ya dijitali iliyochukua sekunde 23 kuhifadhi picha moja kwenye kaseti. Kampuni iliendelea kuegemea mikanda, na Januari 2012 ikakimbilia mahakamani kwa kufilisika. Wengi walidhani mambo yameishia hapo. Lakini mwaka 2018 Kodak ilirudisha mkanda wa Ektachrome uliokuwa umesitishwa, na mwaka 2024 Pentax ikatoa kamera mpya ya mkanda, Pentax 17. Ila kuna upande wa pili wa habari hiyo. Kodachrome, mkanda wa rangi wa Kodak ulioanza 1935, ulisitishwa 2009, na mwishoni mwa 2010 maabara ya mwisho iliyokuwa ikiusafisha ikaacha kuupokea. Mwenye mkanda huo aliyechelewa, rangi zake hazipati tena. Mkanda unaishi pale ambapo kuna watu wa kuuhudumia.

Kuhusu kudumu, niko upande wa kijana. Simu yangu ilitumbukia majini nikivuka na kivuko cha Kamanga, ikaenda na picha zote za mazishi ya baba. Sikuwa nimezihifadhi pengine. Siku chache baadaye, mjane wa mpiga picha mmoja wa Kirumba alinifungulia bati la biskuti lililojaa negativu za marehemu mumewe, yaani vipande vya mkanda uliosafishwa, ambamo cheupe huonekana cheusi. Nikainua kipande kimoja dirishani. Gauni jeupe la bibi harusi lilikuwa jeusi, anga ya ziwa nyeusi tii, meno ya watoto meusi. Sikuhitaji chaji wala nywila, mwanga wa saa nne asubuhi ulitosha.

Lakini bati lile lilinuka siki. Plastiki ya mikanda mingi, ikikaa kwenye joto na unyevu, huoza na kutoa harufu hiyo, na mvuke wake huambukiza vipande vya jirani. Chini ya paa la bati, hewa ya ziwa ikiingia, uozo huo hauna subira. Na kilichomo humo hakipatikani kwingine. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikikaribia Mwanza, mamia ya watu wakafa. Wakati ule hakukuwa na simu za kamera mifukoni. Sura ya marehemu, kama ilipigwa, ilipigwa kwenye mkanda.

Kwa hiyo harusi zipigwe dijitali, na chache zichapishwe karatasini. Kijana aendelee na mkanda wake kwa picha za watu wanaoweza kusubiri. Ila nilimwomba kitu kingine kwanza: aje na kamera yake ya dijitali, tuweke negativu juu ya skrini nyeupe inayowaka, tuzipige moja moja, tugeuze rangi kwenye kompyuta, kisha tuzirudishe kwenye bahasha za karatasi, zenye harufu zikae peke yake.

Alikuja Jumamosi. Tumeanza na bahasha iliyoandikwa kwa kalamu ya wino, “Kirumba, Krismasi 1995”. Ina vipande sita, na viwili tayari vinanuka.