Punda hana nundu, tusimvalishe nira ya ng'ombe

Mwezi Novemba, korosho zikiwa zimepamba moto, nilisimama kando ya barabara ya vumbi nje kidogo ya mji wa Nachingwea kuupisha mkokoteni. Ulikuwa unavutwa na punda wawili. Shingoni mwao limelazwa gogo moja la mti mgumu lililofungwa kwa kamba ya katani, na chini ya gogo lile kila mmoja alikuwa na kidonda kikubwa kama kiganja, nzi wamejaa. Yule wa kushoto alikuwa na jambo jingine, na hilo ndilo lililonitoa jasho. Bega lake lilikuwa limebonyea. Nyama imekwisha, ukingo wa mfupa umechomoza chini ya ngozi kama ubavu wa mtumbwi uliopasuliwa. Na kila alipokanyaga, bega lile lilifyatuka kwenda nje.

Nilimwamkia mzee mwenye mkokoteni, akaitikia, nikamuuliza huyu punda ana nini.

"Uvivu tu, mwanangu. Mwaka jana alikuwa anavuta vizuri."

Si uvivu. Nimekuwa nikilifikiria jibu lile tangu siku hiyo, kwa sababu najua mzee hakulisema kwa ukatili. Hajawahi kuonyeshwa kilichomo ndani ya bega la mnyama wake. Mimi nilionyeshwa, chuoni, nilipokuwa nasomea mifugo. Michoro yote ya vitabuni ilikuwa ya farasi, na farasi hata mmoja hatukuwa naye, basi tukampasua punda aliyekufa. Mwalimu akatuambia tusiwe na wasiwasi, hawa ni ndugu wa karibu na misuli ya mabega yao imepangwa vilevile.

Alichofanya baadaye sijakisahau. Alichukua kisu, akakata misuli kati ya mguu wa mbele na mbavu, na mguu mzima ukabaki mkononi mwake, kuanzia kombe la bega hadi kwato. Hakukata kiungo hata kimoja. Hakupasua mfupa. Punda na farasi hawana mtulinga, ule mfupa wako unaotoka bega hadi kidari. Mguu wao wa mbele umeshikwa na nyama na kano peke yake.

Kati ya misuli hiyo, mzigo mkubwa unaubeba mmoja mpana ulio upande wa ndani wa kombe. Umetandazwa kama upepeo, na umejishika kwenye pingili za shingo na kwenye mbavu za mbele kwa meno-meno kama ya msumeno. Upo wa kushoto na upo wa kulia. Kifua kimening'inia katikati yao kama mgonjwa kwenye machela, na miguu miwili ya mbele ndiyo wabebaji. Hapo kumbuka kwamba mnyama huyu akisimama tu, bila mzigo, karibu sehemu sita kati ya kumi za uzito wake ziko kwenye miguu hiyo miwili.

Sasa turudi kwenye bega la nje, ambako ndiko msiba wa yule punda ulipo. Papasa kombe la farasi au punda mzima: utaukuta ukingo wa mfupa unaoteremka katikati, lakini umefichwa na nyama pande zote mbili. Mbele ya ukingo kuna msuli mmoja, nyuma yake kuna mwingine. Viungo vingi vya miguu vimefungwa kando kwa kano imara ili visiteleze. Kiungo cha bega la wanyama hawa hakina kano za namna hiyo. Kazi hiyo wamepewa hao misuli wawili. Na wote wawili wanalishwa amri na neva moja, ambayo inapita mbele ya shingo ya kombe, imelala juu ya mfupa, karibu na ngozi. Ikibanwa pale siku baada ya siku, misuli inanyauka, ukingo unachomoza, na bega linafyatuka nje kila mguu unapobeba uzito. Farasi wa kukokota mizigo Ulaya walijulikana sana kwa ugonjwa huo, hasa waliovalishwa kola zisizowatosha.

Sikuwa na chombo cha kupima neva ya yule punda. Lakini nira ile ilikuwa na vijiti viwili vinavyoshuka pande mbili za shingo, na nilipoweka kidole mahali kijiti kinapogusa, kilikuwa palepale neva inapopita.

Nira ni chombo cha ng'ombe, na kwa ng'ombe wetu ni chombo kizuri. Ng'ombe ana nundu. Gogo linaegemea mbele ya nundu, naye anasukuma. Punda hana nundu. Juu ya shingo yake kuna ngozi, kano na mifupa, basi. Nguvu yake iko kifuani na mabegani. Tena kuna msuli mrefu unaotoka kichwani na shingoni kwenda kushika mfupa wa juu wa mguu, na ndio unaouvuta mguu mbele. Ukimlaza gogo shingoni na kumfunga kichwa chini umeushika msuli huo, na hatua inakuwa fupi. Halafu tunachukua fimbo.

Watafiti wa Uingereza walionyesha mwaka 2003 kwamba msuli ulio mbele ya mguu wa mbele wa farasi, ule unaovuka bega na kiwiko, una kano ndani yake na unafanya kazi kama manati: unavutika mguu ukiwa chini, kisha unaachia na kuurusha mguu mbele. Manati hiyohiyo, farasi akisimama, inasaidia kuzuia mguu usikunjike, ndiyo maana anaweza kusinzia wima. Mimi naona ni aibu kukitia kidonda kiungo kama hicho kwa sababu tu gogo lilikuwa karibu.

Huku kusini wengi wetu hatukukulia na punda. Mbung'o walitunyima mifugo mikubwa, na punda wengi tunaowaona sasa wamekuja na wafugaji, hasa baada ya wale waliohamishwa bonde la Ihefu, Mbeya, mwaka 2006 na 2007 kuletwa huku Lindi. Lakini ardhi hii inalijua jambo hili tangu zamani. Mwaka 1866 Livingstone alishuka Mikindani na ngamia, nyati wa kufugwa, nyumbu wa kubeba mizigo na punda wanne, akapanda nao bonde la Ruvuma. Aliandika katika shajara yake kwa uchungu jinsi walivyobebeshwa kupita kiasi na kupigwa. Wakaisha njiani. Mbung'o walilaumiwa, na mbung'o walikuwepo, lakini mzigo na fimbo havikuletwa na mbung'o.

Ninachokiomba ni kidogo: mkanda wa kifua. Turubai kuukuu, likunjwe hadi upana wa kiganja, lishonewe blanketi kwa ndani. Si kiroba cha nailoni, kinachoma kwa jasho. Mkanda ukae chini ya koromeo, asikabwe, na upite juu zaidi ya ile ncha ya bega unayoisikia kwa kidole mbele kabisa, usiikalie, ili kiungo kicheze. Maofisa mifugo tunakwenda vijijini na chanjo, tunaandika idadi, tunaondoka. Tubebe na sindano ya kushonea turubai.

Nilirudi kwa yule mzee wiki iliyofuata na mkanda niliomshonea. Tulimvalisha yule wa kulia peke yake, baada ya kumpunguzia mzigo nusu. Alisita, akainua kichwa, akaegemea kifua, mkokoteni ukaondoka. Mzee akatembea kando yake kimya mpaka kwenye mwembe, kisha akasema, "Kumbe anasukuma."

Yule wa kushoto amefungwa chini ya mkorosho, hafanyi kazi. Kidonda kimefunga na manyoya yanayoota pale ni meupe. Neva hupona polepole, miezi mingi, na nyingine hazirudi. Kila nikipita napapasa ule ukingo wa mfupa. Bado unachoma kiganja.